Prodyuza wa Ocha: Vile Utatengeneza Ngoma za Elektroniki Bila Kuacha Wera

Pengine unasoma hii ukiwa steji pale Wote, umekalia nduthi ukingoja kastoma. Ama uko nyuma ya kaunta ya M-Pesa Mwingi, earphoni moja kwa sikio, unasikiza biti yenye ulianza jana usiku. Na kichwani uko na swali moja tu: hii kibarua nitaiacha lini nishike ngoma siku nzima?

Wacha nikuambie kitu hutapenda. Usiache bado.

Sikukatazi kuota. Mimi niliacha kila kitu, na ndio maana naongea.

Nilikuwa campo, mwaka wa pili. Mathe akiwa huku Makueni aliuza ndengu na mbuzi mbili akanitumia karo ya semista. Hiyo doo haikufika ofisi ya karo. Ilinunua lapi ya mtumba, hedifoni na kibodi ndogo ya kupigia midundo. Nikarudi ocha, nikajifungia kwa chumba, nikajiambia sasa niko na masaa yote ya dunia hii.

Miezi nane baadaye nilikuwa na faili 61 kwa lapi. Zote zilikuwa na intro kali. Unajua ngoma ngapi zilikuwa zimeisha? Hakuna. Hata moja.

Mathe alipojua ukweli hakupiga nduru. Aliniangalia tu, akanipakulia muthokoi, akaenda kulala saa moja jioni. Manze, afadhali angepiga nduru. Wiki iliyofuata nilitafuta kibarua kwa saiba moja mjini: kuchapa barua, kufungulia wazee akaunti za eCitizen, kutoa kopi. Nilikuwa natoka saa kumi na mbili jioni nikiwa nimechoka kama punda. Na hapo sasa ndio nilimaliza ngoma yangu ya kwanza. Ilinichukua wiki sita.

Nimefikiria sana kwa nini. Nikiwa na siku nzima, kila biti niliona naweza kuimalizia kesho. Nilipobaki na dakika arobaini usiku, kesho ilikuwa na wera yake. Ilibidi nichague ngoma moja na nikae nayo.

Hata wazee wa house walikuwa na wera

Kama unadhani kuwa na kazi ya mchana ni dalili ya kufeli, enda usome kuhusu Marshall Jefferson. Huyu ni msee wa Chicago, Marekani, mmoja wa wenye walijenga house music. Mwaka wa 1986 ngoma yake ya Move Your Body ilitoka, ile ilifanya piano ikuwe kitu cha kawaida kwa house. Wakati huo alikuwa akifanya kazi posta, shifti ya usiku. Na wasee wenye walisimama naye kwa hiyo ngoma, akiwemo mwimbaji Curtis McClain, walikuwa wenzake wa huko huko posta.

Sasa fikiria hiyo. Ngoma yenye bado inachezwa karibu miaka 40 baadaye ilitoka kwa watu wenye kesho yake walikuwa wanapanga barua.

Wera ndio sponsa wako

Prodyuza mwenye hana ganji anafanya maamuzi ya njaa. Anauza biti kwa bei ya chapo mbili. Anakubali kupiga harusi bure juu ameahidiwa kupata jina. Anaunda ngoma za kufanana na zile zinatrendi, hata kama roho yake haiko hapo. Kibarua chako, hata kama kinakuparara, kinakupa nguvu ya kusema hapana.

Kwa hivyo tenganisha pesa. Kila ukilipwa, kata kidogo kabla hujagusa kitu ingine, iweke mahali huwezi kuichomoa ukiwa na kiu. Ile akiba ya kufunga ya M-Shwari inatosha. Hiyo ni doo ya ngoma peke yake. Karo ya sistee yako, unga na dawa za nyumbani zisiguse hapo, na pia wewe usinunue spika na pesa ya unga. Mimi nilivuka huo mstari, na naweza kukuambia hedifoni yenye imenunuliwa na karo haisikiki vizuri. Kila ukiivaa unajua imetoka wapi.

Dakika arobaini, usiku tano

Hesabu ni rahisi. Dakika 40 mara siku tano ni dakika 200 kwa wiki, yaani masaa matatu na dakika ishirini. Kwa mwaka hiyo ni zaidi ya masaa 170. Inatosha kabisa kumaliza EP, bora ujue kila usiku unafanya nini.

Gawa hivi. Usiku wa kwanza na wa pili tafuta sauti na uunde mdundo. Wa tatu panga ngoma kutoka mwanzo hadi mwisho, hata kama bado ni mbaya. Wa nne safisha. Wa tano usiguse chochote, sikiza tu na uandike makosa kwa karatasi. Mixi usiifanye siku umekuwa kwa nduthi masaa kumi. Masikio huchoka kama mgongo. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asipitishe desibeli 80 kwa masaa 40 kwa wiki, na ukijumlisha injini, mziki wa matatu na hedifoni zako, unaweza kuwa umemaliza hiyo bajeti kabla Ijumaa. Punguza sauti. Ukipoteza masikio hakuna duka la kuyanunua.

Pia soma kalenda ya huku. Ukambani mvua ya kutegemewa ni ile ya Oktoba hadi Disemba. Wakati wa kupanda na kupalilia utakuwa shambani, usijidanganye. Halafu msimu wa maembe ukishika Makueni, kila mtu anaitwa kuchuma na kupakia lori. Usianze mradi mkubwa hiyo wiki. Panga ngoma zako nzito kwa ile miezi kavu katikati ya mwaka, na miezi ya jembe fanya kazi ndogo ndogo za kurekodi sauti na kusikiza.

Lapi mbovu, stima yenye inapotea, bando za kuhesabu

Huhitaji mashine ya maelfu na maelfu. LMMS ni programu ya bure kabisa ya kompyuta. BandLab pia ni ya bure na inafanya kazi kwa simu. Wasee wengi wanapenda FL Studio, na toleo lake la majaribio litakuruhusu kuunda na kutoa ngoma, lakini rada ni hii: ukisevu mradi hutaweza kuufungua tena mpaka ulipie. Ukishalipia mara moja, masasisho ni ya bure maisha yako yote. Usichukue ile ya kuibwa kutoka kwa flashi ya mtu. Mimi ilinileta virusi, na nikapoteza faili ishirini mara moja.

Lapi ikianza kukwama, geuza zile ala nzito ziwe sauti ya kawaida, halafu uzime zile za mwanzo. Itapumua. Sevu kila baada ya dakika tano, juu mvua ikianza tu kuonyesha mawingu, stima inaenda.

Kuhusu bando: dakika moja ya WAV ya kawaida ni karibu MB 10. Ngoma ya dakika sita ni MB 60. Hiyo hiyo ukiitoa kwa MP3 ya ubora wa juu, yaani 320, inashuka hadi kama MB 15. Mabeshte wa kukupa maoni watumie MP3. WAV iwe ya lebo na ya kupandisha kwa mitandao ya mziki pekee.

Sauti yako iko nyumbani

Hapa ndio wengi wetu huanguka. Tunakaa Kitui tukiunda ngoma za kusikika kama za Johannesburg. Amapiano ni tamu, lakini Johannesburg iko na watu wake elfu wanaoifanya vizuri kukuliko.

Angalia Coco Em, jina lake Emma Nzioka, DJ na prodyuza wa Nairobi mwenye alianzia kwa kamera. Mwaka wa 2022 alitoa EP na lebo ya InFiné ya Ufaransa. Aliipa jina gani? Kilumi. Eeh, ile kilumi yenye cucu yako anaijua, ngoma ya kiasili ya Akamba ya kuomba mvua. Hilo jina likazunguka Ulaya likiwa limebebwa na midundo ya klabu.

Angalia KMRU pia. Jina lake ni Joseph Kamaru, sawa na la babu yake, yule mwimbaji nguli wa Kikuyu. Yeye hutembea na mashine ya kurekodi akinasa sauti za mahali alipo, na albamu yake ya Peel ya 2020 ilitoka na lebo ya Editions Mego. Na kule Dar es Salaam, vijana wa mitaa kama Mburahati walichukua kompyuta za kawaida wakaunda singeli, mziki wenye unapita midundo 200 kwa dakika wakati house inatembea karibu na 125. Mwaka wa 2017 Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso, dunia ikafungua macho.

Wewe uko na nini? Uko na gitaa za benga za Kikamba, zile za kina Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers. Uko na pampu ya maji kisimani, mbuzi jioni, mchanga ukipigwa sepeto, makanga wa Emali wakiita abiria. Simu yako inaweza kunasa hizo zote leo.

Ila heshima iwepo. Ukienda kurekodi kikundi cha kina mama wa kilumi, waombe, waeleze itaenda wapi, na uwalipe. Kenya iko na sheria ya 2016 inayolinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni. Na hata bila sheria, kuchukua sauti ya cucu wa watu bure ni aibu. Na ngoma ya mtu mwenye alirekodi studio, kama hiyo ya benga, omba ruhusa ya mwenye haki. Kujifunza vile gitaa inapigwa halafu upige yako ni njia safi zaidi.

Disemba ni mavuno

Ukweli wa mambo ni kwamba ngoma za elektroniki hazitakulipa haraka kwa mitandao. Lakini DJ analipwa. Disemba watu wa Kanairo wanarudi ocha, kila wikendi kuna ntheo, harusi na sherehe. Jifunze kuchanganya. Anza na benga yenye wazee wanataka, na saa nne usiku, vijana wakibaki, weka biti yako moja katikati. Usitangaze ni yako. Tazama miguu. Miguu ikisimama, rudi kwa lapi. Ikiendelea, umepata jibu lenye hakuna mtu wa mitandao angekupa.

Na usitembee solo. Huku tuko na mwethya, ule mtindo wa kina mama kuingia shamba la mmoja leo na la mwingine kesho. Fanyeni hivyo hivyo. Wasee wanne, kila mtu na kifaa kimoja: huyu spika, huyu maiki, huyu lapi, huyu nduthi ya kubeba. Kila mwisho wa mwezi mnamaliza ngoma ya mmoja wenu. Ukipata nafasi ya kufika Nairobi, ulizia Santuri, hao wamekuwa wakifundisha vijana huu mziki.

Ongea na mathe

Hii ndio ngumu kuliko mixi. Mzazi haelewi "prodyuza". Anaona kijana wa miaka ishirini na kitu akitikisa kichwa gizani. Usimwambie utakuwa staa. Mwonyeshe. Lipa stima ya hiyo lapi. Amka uende shamba siku ya shamba. Mchezee ngoma imeisha, sio intro.

Mimi nilimchezea mathe ile ya kwanza. Alisikiza yote, dakika tano na nusu, akiwa amekunja mikono. Ilipoisha akauliza, "Mwana wakwa, na hiyo ngoma ni ya nani inalia hapo nyuma?" Nikamwambia ni debe lake la maji, nililipiga na mwiko. Akacheka kidogo. Halafu akauliza karo yake inarudi lini.

Sasa hivi naandika hizi stori mchana, na usiku niko na dakika zangu arobaini. Kila mwezi namtumia elfu mbili. Imebaki miezi mitatu deni iishe. EP iko na ngoma nne zimeisha, moja bado inakataa. Siachi wera hadi hizo mbili zimalizike.

Wewe je, uko na faili ngapi hazijaisha? Chagua moja leo usiku, buda. Hizo zingine zitakungoja.