Subaru STI iliyotumika: tazama injini kwanza

Mnunuzi wa Tarime au Mugumu anayetaka Subaru Impreza STI aanze na injini, si rangi. STI ya Japani ya gia za mkono ina cc 1,994. A-Line ya otomatiki, iliyotoka 2009, ina cc 2,457. Ushuru wa bidhaa Tanzania ni asilimia 5 kwa cc 1,001 hadi 2,000, asilimia 10 zikizidi. Gari lililopita miaka 10 huongezewa asilimia 30; hapo za 2009 zote zinabanwa.

Otomatiki ni raha kwenye foleni, na Tarime haina foleni ya kulilia.

Lenye namba za Kenya linalouzwa "rahisi" Sirari lisilipiwe kabla ya kuona hati za forodha. Bila hizo linaweza kukamatwa, fedha zikapotea.