Fahamu: Kwa nini kuhama mfumo endeshi huwachosha watumiaji wa kompyuta
Tangu Microsoft ilipositisha msaada wa kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, wamiliki wengi wa kompyuta zisizokidhi masharti ya Windows 11 wamekuwa wakifikiria kuhamia Linux, mfumo endeshi huria ambao kiini chake kilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Mfumo endeshi ni programu kuu inayosimamia vifaa vya kompyuta na kuziwezesha programu nyingine kufanya kazi.

Ugumu wa kuhama hautokani na uzito wa akili ya mtumiaji, kama wengi wanavyojilaumu bure, bali hutokana na mazoea ya miaka mingi. Anayetafuta diski C haioni, kwa kuwa Linux hupanga faili zote chini ya mzizi mmoja unaoandikwa kwa alama ya mkwaju. Faili iitwayo “Barua” na nyingine iitwayo “barua” kwa kawaida huhesabiwa kuwa mbili tofauti. Na programu iliyotengenezwa kwa ajili ya Windows haifunguki kwa kuibofya tu. Kinachoumiza zaidi ni printa isiyo na kiendeshi, yaani programu ndogo inayoiunganisha na mfumo, kwani hapo hata bidii ya mtumiaji husaidia kidogo.

Ni vyema, basi, kuijaribu Linux kwanza kutoka kwenye flashi bila kufuta chochote, kuhakikisha kwamba printa na Wi-Fi vinafanya kazi, na kunakili nyaraka zote mahali pengine kabla ya kuisakinisha.