Kuilinda Michoro ya Miambani na Moto wa Nyika

Katika milima ya Kondoa, Tanzania, imo michoro ya kale ya watu na wanyama iliyopakwa miambani kwa rangi nyekundu na nyeupe. Mary Leakey aliinakili mingi mwaka 1951, na mwaka 2006 eneo hilo liliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Huenda ikadhaniwa kwamba, kwa kuwa jiwe haliungui, moto wa nyika hauwezi kuidhuru. Dhana hiyo si sahihi.

Jiwe hupitisha joto polepole. Moto uwakapo chini ya mwamba, tabaka la nje hupata joto na kutanuka ilhali sehemu ya ndani ingali baridi. Hapo magamba ya jiwe hubambuka. Aidha, miamba mingi ina chembe za kwatzi, madini ambayo yafikapo nyuzi 573 za Sentigredi hubadili mpangilio wa fuwele zake na kutanuka ghafla. Kwa kuwa rangi imeshika uso wa mwamba tu, gamba lidondokalo huondoka na mchoro. Hasara ya namna hiyo ilitokea mwaka 1996 huko Mesa Verde, Marekani, ambako moto wa nyika ulibambua michoro ya kale iliyochongwa kwenye jiwe liitwalo Battleship Rock. Hakuna fundi awezaye kuirudisha.

Kinga, basi, ni kuudhoofisha moto kabla haujafika. Upepo na jua havimo katika uwezo wa binadamu, lakini nyasi na kuni zimo. Ukali wa moto, kwa kilowati katika kila meta ya ukingo wake, hupatikana kwa kuzidisha vitu vitatu: nishati ya kilo moja ya nyasi kavu, ambayo ni kilojuli 18,000 hivi, uzito wa nyasi katika meta moja ya mraba, na mwendo wa moto. Nyasi zikiwa kilo 0.5, na mwendo meta 0.4 kwa sekunde, ukali ni kilowati 3,600. Nyasi zikipunguzwa hadi kilo 0.25, na mwendo ukashuka hadi meta 0.1, ukali huwa kilowati 450, yaani thumuni ya ule wa kwanza. Moto wa kwanza huwashinda watu wenye zana za mkono. Wa pili waweza kukabiliwa kwa matawi mabichi na majembe.

Kazi hiyo hufanywa kwa hatua. Kwanza, magogo na vichaka vikavu huondolewa kwa mikono chini ya mwamba, kwani moto wa nyasi hupita upesi, bali gogo huweza kuwaka kwa saa nyingi mahali pamoja. Pili, nyasi za jirani hufyekwa zibaki fupi. Ardhi haiachwi tupu, kwa sababu Kondoa inajulikana kwa mmomonyoko wa udongo, na vumbi nalo hufifiza michoro. Tatu, mbali na miamba, huchomwa mikanda ya nyasi mara baada ya masika, zingali na unyevu, kwa makubaliano na wanavijiji, ambao baadhi yao bado hufanya matambiko mahali hapo.

Kupiga moto marufuku bila kupunguza nyasi na kuni hakutoshi: akiba yake huongezeka kila mwaka, ikingoja cheche moja ya kiangazi.