Shahada ya Marekani na Miaka Kumi na Sita

Askari ambaye mwanawe anamaliza kidato cha sita huko Mvara, Arua, hukabiliwa na swali hili: kwa nini shahada nyingi za kwanza nchini Uganda huchukua miaka 3, na Marekani miaka 4? Wako wanaodhani kwamba ile ya miaka 3 ni pungufu. Dhana hiyo haina msingi.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Mtoto wa Uganda husoma miaka 7 ya msingi, 4 ya sekondari, na 2 ya kidato cha tano na cha sita. Jumla miaka 13. Mwenzake wa Marekani hufika mlangoni pa chuo kikuu baada ya miaka 12. Zikiongezwa 3 huku na 4 kule, wote wawili hutimiza miaka 16. Kwa sababu hiyo baadhi ya vyuo vya Marekani humpunguzia masomo mwenye matokeo mema ya kidato cha sita.

Mwaka wa masomo huko huanza Agosti au Septemba. Muhula wa kwanza huisha Desemba. Wa pili huanza Januari na kuisha Mei. Kila somo lina uzito wake, unaopimwa kwa saa za darasani kwa juma, na shahada ya kwanza hudai jumla ya uzito wa kama 120. Shahada ya pili huchukua mwaka 1 au 2, na ile ya udaktari huzidi hapo.

Yako mambo mawili ya kuangaliwa. Kwanza, vyuo vingi mashuhuri hufunga maombi mapema Januari, kabla matokeo ya kidato cha sita hayajatoka; asiyejiandaa hupoteza mwaka. Pili, serikali ya Marekani haithibitishi vyuo yenyewe, bali kazi hiyo hufanywa na mashirika ya ithibati. Matapeli huutumia mwanya huo kuuza vyeti. Mzazi hana budi kuhakikisha ithibati kabla ya kulipa hata senti moja, kwani Baraza la Taifa la Elimu ya Juu la Uganda ndilo lenye kuzipima shahada za kigeni.

Tena, Arua yenyewe ina Chuo Kikuu cha Muni, kilichoanzishwa mwaka 2013. Shahada hupimwa kwa elimu iliyomo, wala si kwa umbali wa safari.