Ukienda Dunga, panda tuktuk yenye watu

Umeshuka Kisumu asubuhi, basi la usiku kutoka Nairobi limekuvunja kiuno, na kabla hujashika begi vizuri wanaume watano wanakuuliza, "Boss, wapi?" Unataka Dunga. Umeona picha za mashua, mafunjo na jua likizama ziwani. Unaangaza macho utafute ratiba au ubao wa nauli. Usijichoshe, hutaupata. Nauli za huku ziko vichwani mwa watu, na wageni si jambo geni: reli ilifika hapa 1901, mji ukiitwa Port Florence.

Shida ya mgeni huanzia hapo stejini. Naijua vizuri kwa sababu mimi mwenyewe nimewahi kuwa hiyo shida.

Nilipoacha chuo (karo, hiyo tuiache) niliendesha tuktuk ya mjomba. Ilikuwa Mei 2022, Kisumu ilipoandaa mkutano wa Africities, na mji ulijaa watu wenye vitambulisho shingoni. Mzungu mmoja na mkewe wakanisimamisha karibu na Oile. "Dunga," wakasema. Nikawaitisha elfu mbili. Elfu mbili, msee! Hata mimi nilishtuka niliposikia mdomo wangu ukisema hivyo. Hawakubishana. Tulipopita hifadhi ya Impala yule mama aliuliza kila kitu kinaitwaje, na waliposhuka wakaniambia asante kwa Kiswahili.

Alasiri nikapeleka abiria wengine Dunga. Nikawakuta wale wawili wakigawana ngege mmoja kwenye sahani moja. Jamaa wa mashua, tunayefahamiana, akanivuta kando.

"Omera, uliwatoza ngapi hao?"

Nikanyamaza.

"Walitaka kwenda kuona viboko. Wameniambia wamebakisha pesa ya kurudi mjini tu."

Siku nzima hakuwa amepata mteja mwingine. Elfu mbili yangu ilitoka mfukoni mwake, si kwa mzungu.

Basi nikupe siri ya kazi. Tuktuk ya Kisumu ina bei mbili. Ukiingia iliyo tupu ukasema "nipeleke Dunga," umeikodi yote, na dere ana haki ya kukutoza ya kukodi. Ukitaka ya kiti, tafuta yenye watu wanaoelekea huko, au uliza kwanza: "Ya Dunga, kila mtu ngapi?" Hilo neno "kila mtu" ndilo linaloonyesha unajua. Halafu tulia, utangoja ijae. Watu wa Nairobi hawawezi kungoja, ndiyo maana wao pia tunawakamua, tena na Kiswahili chao.

Bodaboda mnapatana kabla hujapandisha mguu, si ukishafika. Kofia ya chuma uitishe, usione haya. Mvua ikinyesha bei hupanda, kama kila mahali Kenya. Na kama hujui nauli, usimuulize dere. Muulize mama anayeuza ndizi pale kando, yeye hana hisa kwenye safari yako.

Kurudi ndiko kunakochoma wengi. Kila mtu anangoja jua lizame, kisha wote wanataka tuktuk dakika hiyo hiyo, na giza likiingia magari huko ni ya kutafuta. Chukua namba ya aliyekuleta, kama hakukunyoa.

Kuna wanaoniambia mzungu anazo, alipe. Sawa, alipe. Ila akilipa zote kwa dere, aliyepika samaki na mwenye mashua watakula nini?

Siku hizi naenda Dunga kama abiria. Nakaa katikati, nimebanwa na beseni tupu la mama anayefuata samaki, nalipa ya kiti. Jamaa wa mashua bado hunisalimia vizuri. Kunibeba kwa mashua yake ndiyo bado hajaniambia.