VIJIDUDU VYA TUMBONI NA SARATANI YA UTUMBO

Ukisikia neno bakteria unafikiria ugonjwa. Ni kweli, kipindupindu na kifua kikuu huletwa na bakteria. Lakini si bakteria wote ni adui. Katika utumbo wako mpana wanaishi bakteria wengi mno. Wengi wao ni rafiki zako.

Bakteria hao hula nini? Hula mabaki ya chakula chako. Ukila ugali wa dona, maharage, kunde, mchicha na matunda, makapi yake hayasagiki tumboni. Huteremka mpaka utumbo mpana. Huko bakteria huyachachusha, kama togwa inavyochachuka mtungini. Hutengeneza asidi inayolisha na kulinda ukuta wa utumbo.

Ukila nyama nyingi na mafuta mengi kila siku, mambo hugeuka. Ini hutoa nyongo nyingi ili kusaga mafuta. Bakteria wengine huigeuza nyongo hiyo kuwa kali. Ukali huo hudhuru ukuta wa utumbo. Baada ya miaka mingi saratani inaweza kuanza.

Mwaka 2015 wataalamu walitoa matokeo ya jaribio moja. Wamarekani weusi 20 na wanavijiji 20 wa Afrika Kusini walibadilishana vyakula kwa wiki mbili. Wamarekani walikula chakula cha kijijini chenye makapi mengi. Utumbo wao ukapata nafuu. Wanavijiji walikula nyama na mafuta mengi. Utumbo wao ukaanza kuonyesha dalili za hatari. Wiki mbili tu!

Basi usidharau chakula cha shambani kwako. Dona si chakula cha maskini. Usikoboe mahindi yote. Lima mboga na kunde. Acha tumbaku na punguza pombe, kwani navyo huongeza hatari.

Hata hivyo, chakula bora hupunguza hatari, hakiimalizi. Nenda zahanati upesi ukiona dalili hizi:
1. Damu katika choo kikubwa.
2. Kuharisha au kufunga choo kwa wiki nyingi.
3. Kukonda bila sababu.
4. Maumivu ya tumbo yasiyoisha.

Huenda ni kichocho, amiba au bawasiri. Huenda ni saratani. Kipimo ndicho kitakachosema. Usione haya kumweleza mganga habari za choo. Saratani ikigunduliwa mapema hutibika. Aibu huchelewesha, na kuchelewa huua.

Jadilini katika kisomo: Je, kijijini kwetu tunakula dona au sembe? Kwa nini?