Kufupika kwa urefu

Kufupika kwa urefu ni tokeo la fizikia ambapo kitu kinachokwenda kwa kasi kubwa sana hupimwa kuwa kifupi kuliko kikiwa kimetulia. Linaelezwa na nadharia maalumu ya uhusianifu iliyotolewa na Albert Einstein mwaka 1905.

Historia

Mwaka 1887 Albert Michelson na Edward Morley walifanya jaribio huko Cleveland, Marekani. Walitarajia kwamba mwendo wa Dunia ungebadilisha kasi ya nuru kulingana na upande inakoelekea, lakini hawakuona tofauti hiyo. George FitzGerald (1889) na Hendrik Lorentz (1892) walipendekeza kwamba vitu hufupika kuelekea upande wa mwendo wao. Einstein alianza kwingine: kasi ya nuru katika ombwe ni ileile kwa watazamaji wote wenye mwendo usiobadilika. Kwa hiyo vipimo vya urefu na wakati ndivyo vinavyotofautiana.

Maelezo

Ili kupima kitu kinachosogea, ni lazima kuweka alama kwenye ncha zake mbili kwa wakati mmoja. Lakini matukio yanayotokea pamoja kwa mtazamaji mmoja hayatokei pamoja kwa mwingine aliye katika mwendo tofauti. Hivyo kila mmoja hupata urefu wake, na wote wako sahihi. Kitu chenyewe hakibanwi na nguvu yoyote. Upana na kimo chake havibadiliki.

Fomula yake ni:

L = L₀ × √(1 − v²/c²)

L₀ ni urefu wa kitu kilichotulia, v ni kasi yake na c ni kasi ya nuru. Chombo cha mita 100 chenye 60% ya kasi ya nuru hupimwa kuwa na mita 80. Kwa kasi ya gari au ndege tofauti ni ndogo mno, haionekani.

Ushahidi

Muoni ni chembe zinazotokea angani takriban kilomita 15 juu ya ardhi. Hudumu kwa wastani wa sekunde 0.0000022 tu, muda unaotosha nuru kwenda mita 660 hivi. Hata hivyo nyingi hufika ardhini. Kwa muoni yenye 99.8% ya kasi ya nuru, kilomita hizo 15 ni kama mita 950 tu. Kwa mtazamaji wa ardhini umbali haukupungua, bali wakati wa muoni umekwenda polepole.

Nuru na mita

Tangu mwaka 1983 mita yenyewe hufafanuliwa kwa nuru: ni umbali ambao nuru hupita katika ombwe kwa muda wa sekunde 1/299,792,458.